Jina la Nchi ni Amana

Kitu cha watu wote chataka mlinzi, na mlinzi naye ataka kanuni za kumwongoza. Sisi wa Juani twalijua jambo hili kwa habari ya bahari. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilipotangazwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya namna yake katika Tanzania, kisiwa chetu kilikuwamo ndani ya mipaka yake. Kila mvuvi atakwambia ya kwamba kanuni ya nyavu iliyotungwa pamoja na wavuvi hushikwa, na ile iliyoletwa imekwisha kuandikwa huvunjwa usiku.

Mwaka ule ule wa 1995 nchi yetu ilipata mali nyingine ya watu wote, ambayo wengi hawakupata habari zake. Mali hiyo ni herufi mbili, .tz, katika intaneti. Kila tovuti ina jina katika intaneti, na mara nyingi mwisho wa jina huonyesha liliandikishwa katika daftari la nchi gani: .ke ni ya Kenya, .ug ni ya Uganda, na .tz ni yetu. Jina hilo huitwa kikoa. Chini ya .tz kuna mafungu: co.tz ni ya biashara, go.tz ya Serikali, ac.tz ya vyuo, na sc.tz ya shule kama hii yetu.

Atakaye jina huliandikisha katika daftari la nchi na kulipa ada. Basi, mwenye kushika daftari ana nguvu kubwa, kwani aweza kuandika, kukataa, au kufuta. Jina likifutwa, duka la mtu halionekani tena na barua pepe zake hazifiki. Ndiyo maana twapasa kuuliza: kanuni za daftari hili zitungweje, na nani aitwe wakati wa kuzitunga?

Swali hili si geni. Mwaka 1994 Jon Postel, mtaalamu wa Marekani aliyekuwa akigawa majina hayo, aliandika mwongozo ya kwamba mshika kikoa cha nchi ni mdhamini wa watu wa nchi ile na wa intaneti ya dunia nzima. Alisema haifai kuzungumza habari za umiliki. Yafaa kuzungumza habari za wajibu na huduma. Kenya iliunda KeNIC mwaka 2002. Kwetu, mwaka 2006, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti waliunda tzNIC. Wazo hilo lilikuwa jema, ya kwamba Serikali isiende peke yake wala wafanyabiashara wasiende peke yao. Lakini, kwa maoni yangu, kiti cha tatu chahitajiwa, nacho ni cha watumiaji wa kawaida: mwalimu, mvuvi, mwenye nyumba ya wageni, na mwanafunzi.

Tutazame visiwa vya wengine. Tuvalu, nchi ndogo sana katika bahari ya Pasifiki, ilipewa herufi .tv. Kampuni za televisheni zikazipenda, na fedha zake ziliisaidia nchi ile kuingia Umoja wa Mataifa mwaka 2000. Lakini katika bahari yetu hii ya Hindi, wenyeji wa visiwa vya Chagos walihamishwa na Uingereza kati ya mwaka 1968 na 1973. Baadaye herufi za visiwa vyao, .io, ziliuzwa duniani kote, wala wao hawakuulizwa. Herufi ni zile zile mbili. Tofauti ni nani alikuwapo wakati wa kuamua.

Sisi nasi tuna la kuangalia. Desturi ya daftari ni kwamba atanguliaye kuomba ndiye apewaye. Desturi hiyo ni nyepesi na haina upendeleo. Lakini je, majina kama Juani, Kua na Chole yachukuliwe na mgeni yeyote aliyewahi, asiyewahi kukanyaga magofu ya Kua wala kuona kasa akitaga mayai pwani kwetu? Mimi nasema kijiji kipewe kwanza nafasi ya kuulizwa.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, kanuni mpya yoyote itangazwe kwa Kiswahili kabla haijapitishwa, watu wapewe siku za kutosha kujibu, kisha waelezwe kwa nini maoni yao yamekubaliwa au yamekataliwa. Pili, jina lisifutwe ila kwa sababu iliyoandikwa, na mwenye jina awe na mahali pa kukata rufani mbele ya watu wasiokuwa wale wale waliolifuta. Tatu, shule za Serikali zipewe majina yao ya sc.tz bila ada, ili mzazi aliye Dar es Salaam aweze kusoma habari za mwanawe aliye huku.

Wako watakaosema mambo haya ni ya mafundi, sisi hayatuhusu. Ni kweli ya kwamba kutunza mitambo ni kazi ya fundi. Lakini fundi wa jahazi hachagui bandari. Abiria na nahodha ndio wajuao waendako. Wengine watasema Serikali yatosha. Serikali ina haki ya kuwamo, tena kwa nguvu, maana jina ni la nchi. Hata hivyo Serikali yenyewe hupata faida ikisikia mapema kasoro za kanuni kuliko kuzisikia baada ya watu kuumia.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tutafungua duka, ofisi au shule siku moja, nasi tutahitaji jina. Tujifunze sasa namna majina hayo yatawaliwavyo, na maoni yatakapoombwa tuandike. Asiyepeleka neno barazani asilalamike kwa yaliyoamuliwa.