Umbali Usigeuke Adhabu

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitoa onyo ambalo halijachakaa: kwamba miji isije ikaishi kwa jasho la wakulima. Miaka michache baadaye onyo hilo lilitiwa katika vitendo kwa njia ambayo vijana wengi wa leo hawaifahamu, nayo ni bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Tangu katikati ya miaka ya 1970, mkulima wa Sumbawanga au Songea aliyeliuzia mahindi Shirika la Taifa la Usagishaji alilipwa bei ile ile aliyolipwa mwenzake wa Morogoro. Gharama ya safari ndefu ilibebwa na Taifa zima. Hivyo Rukwa na Ruvuma, pamoja na Iringa na Mbeya, zikawa ghala la nchi.

Hatusemi kwamba mpango ule haukuwa na dosari. Shirika lilielemewa na madeni, wakulima walicheleweshewa malipo yao, na mahindi mengi yaliuzwa kwa magendo. Bei moja ilianza kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baada ya mapatano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, biashara ya nafaka ilifunguliwa hatua kwa hatua. Ruzuku ya mbolea nayo iliondolewa kidogo kidogo hadi katikati ya miaka ya 1990.

Kwa maoni yetu, kosa halikuwa kuiondoa bei moja. Kosa lilikuwa kuiondoa bila ya kuweka kitu mahali pake. Bei ile ilikuwa imeuficha ubovu wa barabara zetu. Ilipoondoka, ubovu ulibaki pale pale, na gharama yake akatwishwa mkulima. Mfanyabiashara anayefika kijijini kwa taabu hukata nauli yake kutoka katika bei ya gunia, kisha hudai lumbesa juu yake. Mkulima hukubali, kwa kuwa mvua zikianza hatamwona mnunuzi mwingine.

Haki inatutaka tukiri kwamba yapo yaliyotendeka. Barabara kutoka Tunduma hadi Sumbawanga imetiwa lami, kwa msaada wa Marekani uliotokana na mkataba wa mwaka 2008. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi katika mikoa hiyo. Mwaka 2017 iliundwa TARURA kushughulikia barabara za vijijini na mijini. Mwaka 2021 tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta iliongezwa kwa ajili yake. Na mwaka 2022 ruzuku ya mbolea ilirejeshwa.

Lakini lami inayoishia makao makuu ya mkoa haijafika shambani. Tena tuitazame tozo hiyo kwa makini. Gunia la Sumbawanga husafiri zaidi ya kilometa 1,000 hadi Dar es Salaam, na katika kila kilometa lori huchoma mafuta yaliyotozwa. Kwa hiyo mkulima wa mbali, kupitia bei anayolipwa, huchangia barabara kuliko mkulima wa karibu. Ni haki gani basi kwamba njia ya kwake ndiyo itengenezwe mwisho?

Wapo wataalamu watakaojibu kwamba barabara za pembezoni zina magari machache, na kwamba fedha ziende penye magari mengi. Hoja hiyo hatuikubali. Magari ni machache kwa sababu barabara haipitiki. Tukipima kwa kuhesabu magari peke yake, ubovu wa barabara utakuwa ndio sababu ya kuinyima matengenezo, mwaka baada ya mwaka.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mgawanyo wa fedha za barabara za vijijini uzingatie tani za mazao zinazotoka katika kata, na miezi ambayo kata hiyo hukatika na kutofikika. Pili, madaraja madogo na makalavati yatangulie kabla ya kusawazisha njia ndefu kwa greda, kwani mto mmoja usiovukika huifanya kazi yote kuwa bure. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatu, vituo vya kununulia mahindi ya hifadhi visogezwe karibu na mashamba, na bei yake ibandikwe katika ofisi ya kila kijiji kabla ya mavuno, ili mkulima apate kuijua kabla ya mnunuzi kubisha hodi.

Hakuna anayedai kurudishwa kwa bei moja. Wananchi wa pembezoni wanadai kwamba safari ya gunia lao isiwe mzigo wao peke yao, maana anayekula ugali wa mahindi hayo mjini naye ana sehemu yake katika safari hiyo. Waheshimiwa madiwani na wabunge wanapokaa kupitisha bajeti, wayakumbuke hayo.