Boti ikichoka katikati ya ziwa, tuanzie wapi?

Juma hili hatuzungumzi juu ya uji wa watoto wala juu ya sabuni. Tunazungumza juu ya injini. Msigeuze ukurasa! Wengi wetu tunakula kwa boti. Mananasi, maharagi na unga wetu hupita juu ya ziwa Kivu, na pesa ya masomo ya watoto hutoka humo humo.

Boti ya chama chetu, ile inayotoka Idjwi kwenda Bukavu, ina injini ya mazutu ya zamani. Imefungwa ndani ya boti, si ile ya kutundikwa nyuma. Mwezi uliopita ilianza kuchoka. Tukitoka bandarini ilikuwa na nguvu. Baada ya nusu saa hivi mlio ulishuka, mwendo ukapungua, mwisho ikazimika. Tukingoja kidogo iliwaka tena kama vile haina neno, kisha ikachoka tena. Ilikuwa hivyo safari tatu. Safari ya tatu ilizimika upepo ukivuma, tukiwa na watoto wawili wanaonyonya ndani ya boti. Hakuna aliyesema neno hadi ilipowaka.

Fundi wa kwanza alisikiliza dakika chache akasema injini imekwisha, lazima ifunguliwe yote: dola 400. Pesa hiyo ilikuwemo katika sanduku letu la AVEC, lakini ilikuwa ya masomo, na mwezi wa tisa ulikuwa unakaribia. Tulikuwa tumekwisha kubaliana kuitoa. Ndipo mzee mmoja aliyeendesha boti miaka mingi akatuuliza: "Wamama, inapochoka, mmewahi kulegeza kifuniko cha tangi?"

Hatukuwahi. Tukaenda naye ziwani, karibu na kando. Injini ilipoanza kushuka, akalegeza kifuniko. Tukasikia tangi likivuta hewa, fyuuu. Punde injini ikarudia sauti yake.

Tangi la mazutu lina bomba dogo la kupitishia hewa. Mazutu yakitoka, hewa inapaswa kuingia mahali pake. Bomba hilo likizibwa, inakuwa kama mtoto anayenyonya chupa bila kuiachilia: chupa inabonyea na maziwa hayaji tena. Bomba letu lilizibwa na kitambaa. Nani alikiweka? Ni sisi wenyewe. Wateja walilalamika kwamba unga unanuka mazutu, nasi tukaziba mahali harufu ilipotoka. Tungelipa dola 400, na injini ingerudi kutoka kwa fundi na kuchoka vile vile, kwa sababu kitambaa kingekuwa bado pale.

Tangu siku hiyo tumeandika utaratibu katika daftari ya chama. Tunaanza na yale yasiyogharimu kitu.

Kwanza, tuulize: inachoka lini? Ikianza vizuri na kuchoka baadaye, tufikirie njia ya mazutu: bomba la hewa la tangi, uchafu, chujio lililoziba. Ikiwa nzito tangu mwanzo wa safari, tufikirie mzigo, hewa, au kitu kilichonasa chini.

Pili, tutazame moshi. Moshi mweusi maana yake mazutu ni mengi kuliko hewa, au injini inabebeshwa kazi inayoishinda. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto unaweza kuonyesha maji ndani ya mazutu, au mazutu yasiyoungua vizuri. Moshi wa bluu ni oili inayoungua ndani. Hapo fundi ana kazi ya kweli. Nguvu ikipungua bila moshi wa ajabu, mara nyingi injini ina njaa ya mazutu.

Tatu, mazutu yenyewe. Sisi hununua kwa bidoni, na bidoni hizo zimepita mikono mingi. Tumwage kidogo ndani ya chupa nyeupe, tuiache itulie. Maji ni mazito kuliko mazutu, yatakaa chini, na uchafu utaonekana. Chujio la mazutu libadilishwe kabla halijaziba, na kila safari tubebe moja jipya. Likibadilishwa, hewa iliyoingia katika mabomba itolewe, la sivyo injini itakohoa na kuzimika. Nahodha wenu awaonyeshe jinsi ya kuitoa, siku ya utulivu, boti ikiwa imefungwa bandarini.

Nne, hewa ya injini. Injini inapumua. Tuangalie chujio lake la hewa, tuangalie pia tumeweka nini kando ya sanduku la injini. Magunia ya makala na ya unga tunayoyaegemeza pale huziba matundu yake.

Tano, chini ya maji. Injini ikilia vizuri bila kutiwa gia lakini inalemewa mara inapotiwa, huenda panga linalosukuma maji limenasa kamba, mfuko wa plastiki au kipande cha wavu wa sambaza. Injini ikilia kwa nguvu lakini boti haiendi, panga limeharibika au gia inateleza. Injini izimwe kabisa, na ufunguo uwe mkononi mwa mtu mmoja, kabla ya yeyote kushuka majini.

Sita, maji ya kupoza. Kama injini yenu hupozwa kwa maji ya ziwa, tuangalie kama bado yanatoka nje kama kawaida. Plastiki ikiziba mlango wake, injini inapata moto kupita kiasi na kupoteza nguvu. Tuizime ipoe, kifuniko cha maji hakifunguliwi ikiwa na moto.

Saba, kamba inayotoka kwenye mkono wa mwendo. Ikilegea, nahodha anasukuma mpaka mwisho lakini injini haipati amri yote.

Haya yote yakiwa sawa, ndipo tuzungumze na fundi juu ya pampu, vinyunyizio vya mazutu na silinda. Naye atatuheshimu zaidi tukimwambia: "Inachoka baada ya nusu saa, moshi ni wa kawaida, chujio ni jipya."

Kuna mama alituuliza kwa nini injini iliyonunuliwa Kalemie ilikuwa na nguvu kule, na huku Kivu imekuwa mvivu. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari, Kivu liko kwenye mita 1.460. Huku juu hewa ni nyepesi. Injini ya zamani isiyosukumiwa hewa kwa turbo hupoteza karibu sehemu moja ya mia kwa kila mita 100 za kupanda. Si ugonjwa, lakini mzigo wake upungue.

Na juu ya mzigo tuseme wazi. Pengine injini haina kosa lolote, ni sisi tumeongeza magunia kumi. Hatujasahau tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipozama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wa kando wakitazama. Ilikuwa imejaa kupita uwezo wake. Gunia likibaki bandarini litasafiri kesho.

Boti ikichoka mkiwa ndani, msilazimishe injini. Punguzeni mwendo, elekeeni kando iliyo karibu, nahodha akabilishe kichwa cha boti na mawimbi. Kila mtu akae mahali pake na jaketi ya kuokolea mwilini; tusikimbilie upande mmoja. Na anayesogea karibu na injini afunge kikwembe chake vizuri. Chuma kinachozunguka hakijui mama wala mtoto.

Kwa mkutano wenu wa juma hili: chagueni mama wawili wa kushika daftari ya injini. Waandike siku ya kubadilisha oili, siku ya chujio, na kila mara boti ilipochoka.

Sisi kitambaa chetu tumekitoa. Unga sasa tunaufunika kwa hema na kuuweka mbele, mbali na tangi. Pesa ya masomo ingali ndani ya sanduku.

Tukutane juma lijalo.