Madini yana karatasi, samaki za ziwa letu nazo zipate karatasi

Wandugu wasomaji, katika sendika yetu ya migodi watu wanatuuliza mara kwa mara: «Ninyi watu wa shimo, mambo ya samaki yanawahusu nini?» Jibu letu ni fupi. Mchimbaji anayeteremka shimoni asubuhi, mara nyingi amekula bugali na ndagala. Ndagala ikipanda bei kwenye mwalo wa Uvira, kule juu milimani sahani inabaki na sombe peke yake. Kwa hiyo tunaongea juu ya tumbo letu. Na tunaongea pia juu ya jambo moja tunalolijua vizuri kupita wengi: kitu kinachotoka kwetu, kinapimwa mbali, na karatasi ya majibu hairudi.

Tuanze na neno la mwaloni. Mwaka 2024 nchi nne zinazogawana Tanganyika, ndiyo Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilipatana kufunga uvuvi miezi mitatu, toka tarehe 15/5 mpaka 15/8. Maneno yalikuwa mengi. Wavuvi walisema: «Tukifunga sisi, wale wa ngambo watamaliza samaki zetu.» Bila shaka kule ngambo nao walisema vile vile juu yetu.

Sasa hilo neno la «samaki zetu» na «samaki zao» limepata jibu. Halikutoka kwa wakubwa wa siasa. Limetoka ndani ya mwili wa samaki yenyewe.

Daftari la kampuni na watu wa zamu

Kila kitu chenye uhai kina ADN ndani ya mwili. Tuieleze kwa lugha ya kazi. ADN yote ya samaki, ambayo wanasayansi wanaiita jenomu, ni sawa na daftari la kampuni lenye majina ya wafanyakazi wote walioandikishwa. Lakini kuandikishwa siyo kufanya kazi. Leo asubuhi ni nani ameingia zamu? Hao wa zamu ndio protini: ndizo zinazojenga mwili, zinazobeba hewa katika damu, zinazopigana na sumu. Daftari ni lile lile kila siku, lakini watu wa zamu wanabadilika kufuata kazi ya siku ile. Maji yakipata moto, wengine wanaitwa. Sumu ikiingia, wengine tena wanaitwa. Anayesoma jenomu anajua samaki imetoka wapi na ina uwezo gani. Anayesoma protini anajua samaki inateseka na nini leo.

Mwaka 2020 watafiti walitoa matokeo ya kusoma ADN ya ndagala kutoka kaskazini mpaka kusini ya ziwa, aina zote mbili: ile ndogo inayoitwa Stolothrissa, na ile nyingine inayoitwa Limnothrissa. Walikuta nini? Kwa Stolothrissa hawakuona ukoo wa kaskazini kando na ukoo wa kusini. Kwa Limnothrissa tofauti ilikuwa ndogo sana, na sehemu kubwa ilikuwa katika vipande vya ADN vilivyogeuzwa juu chini, ambavyo huenda vinasaidia samaki kuzoea mahali inapoishi. Maana yake kwetu ni wazi. Ndagala haina uraia. Ile unayoiacha leo Kalundu, kesho inaweza kuwa ngambo, na ile ya ngambo inaweza kuja kwako. Kongo ina karibu 45 kwa mia ya ziwa, Tanzania karibu 41, Burundi 8 na Zambia 6, lakini ndagala haijasoma hiyo ramani. Kufunga upande mmoja peke yake ni kama kugoma wafanyakazi wa zamu ya asubuhi tu, wale wa usiku wakiendelea: mgomo hauna nguvu.

Lakini tusifikiri samaki zote ni hivyo. Samaki za mawe, zile ndogo za rangi nyingi ambazo Wazungu wanafuga katika vioo, ni kinyume. Mwaka 2021 watafiti wa iniversite ya Basel, Uswisi, walitangaza kwamba wamesoma jenomu karibu 600 za ukoo wa samaki hizo, karibu aina zote za Tanganyika, na aina hizo ni zaidi ya 200. Walionyesha namna ukoo mmoja uligawanyika ndani ya ziwa hili, kila aina na umbo lake la mwili na mataya yake kufuata chakula inachokula. Na kuna zile, kama Tropheus, ambazo haziwezi kuvuka mchanga mrefu. Za mlima huu wa mawe zina rangi yake, za mlima wa pili zina rangi nyingine. Udongo wa mvua ukifunika mawe pale, hakuna ndugu atakayetoka Zambia kuja kujaza nafasi.

Basi samaki mbili, sheria mbili. Ndagala inataka sheria moja ya ziwa lote, siku moja, nchi zote nne. Samaki ya mawe inataka ulinzi wa ufuko kwa ufuko, na kazi hiyo inaanzia juu, kwenye milima inayolimwa na kukatwa miti hapa nyuma ya Uvira. Mambo haya hatukuyasikia mwaloni. Tuliyapata kwa kuuliza na kutafuta. Na hapo ndipo hasira yetu inaanzia.

Mtoto wa ziwa aliyehamia Kivu

Wandugu wa Bukavu wanajua sambaza. Wengi hawajui kama sambaza ni Limnothrissa yetu, iliyobebwa toka Tanganyika kupelekwa ziwa Kivu katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Mwaka 1967 na 1968 ilibebwa tena mpaka Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, na huko wanaiita kapenta. Kapenta ya Kariba ni ndogo kuliko ndugu zake wa hapa. Kwa nini? Je, daftari limebadilika, ama daftari ni lile lile na zamu ndiyo imebadilika juu ya chakula kidogo na maji mengine? Swali hilo siyo la mchezo. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba maji ya Tanganyika yamepata joto, hayachanganyiki vizuri, na chakula cha chini hakipandi juu kama zamani. Walikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa umepunguka karibu 20 kwa mia, na kwamba hiyo inaweza kupunguza samaki karibu 30 kwa mia. Kama joto linaendelea, tunapashwa kujua ndagala ina uwezo gani wa kuzoea. Serikali ambayo haijui hilo itaendelea kumlaumu mvuvi peke yake kwa kila kitu.

Ini la samaki na ini la mchimbaji

Sasa tuingie kwetu, na hapa tutasema hata lisilotupendeza.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanatumia zebaki, ile wengi wanaita merkiri, kwa kukamata unga wa dhahabu. Wanaichoma kwa moto, mvuke unaingia katika kifua, na maji ya kuoshea yanaenda mtoni. Kule Cibitoke, Burundi, dhahabu inachimbwa, na mito ya huko inateremka kwenye Ruzizi. Ruzizi inaingia ziwani hapa hapa mlangoni kwetu. Hatusemi ziwa limekwisha haribika. Tunasema lipimwe.

Na kupima siyo lazima kungojea samaki zielee zimekufa. Kuna protini inayoitwa metalotioneini. Metali kama zebaki, kadimi ama shaba ikiingia kwa wingi, mwili unaita protini hiyo zamu ije kuifunga ile metali, hasa katika ini na figo. Samaki ingali inaogelea, ingali inauzwa, lakini ini lake limekwisha kupiga kengele. Katika nchi nyingi wanasayansi wanatumia kengele hiyo, pamoja na kupima metali yenyewe, kwa kujua mto umeanza kuharibika.

Mwili wa mchimbaji nao unatengeneza protini ya ukoo huo huo. Kwa hiyo tukiomba ini la samaki lipimwe, tunaomba pia damu na mkojo wa wachimbaji wetu vipimwe. Na kama majibu yatasema sumu inatoka kwenye mashimo yetu, sendika haitajificha. Tutawaambia wandugu wetu waache kuchoma zebaki wazi, na tutadai wapewe njia nyingine ya kazi. Mwanasendika anayetaka ukweli wa wengine peke yake, huyo hajui sendika ni nini.

Nani anashika karatasi?

Tulikuwa siku moja kwenye karyeri moja. Watu walikuja, wakajaza mifuko kwa mchanga wetu, wakasema ni eshantiyo ya maabara. Tulisaidia kubeba. Miezi ilipita. Karatasi ilifika kwa tajiri, sisi hatukuiona hata siku moja, na bei ya kazi ilibaki ile ile. Tajiri alijua kilichokuwa ndani ya mfuko, sisi tuliobeba hatukujua.

Na samaki nayo ni hivyo. Mwaka 2014 zilitangazwa jenomu tano za kwanza za ukoo wa samaki hizi za Afrika. Moja ni ya mawe ya Tanganyika, inaitwa Neolamprologus brichardi. Hilo jina Brichard ni la Mbelgiji aliyekuwa anauza inje samaki za mapambo toka Burundi. Samaki ya mawe yetu ina jina la mfanyabiashara. Mvuvi aliyeingia majini kuishika hana jina popote.

Hatupingi wageni. Uvira ina Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, CRH, kinachotokana na IRSAC ya wakati wa Wabelgiji, na Wajapani walikuja kufanya kazi pamoja nacho tangu miaka ya 1970. Elimu nyingi ya ziwa hili ilizaliwa pale. Tunachopinga ni samaki kwenda kama madini mabichi, na elimu kurudi kama bidhaa ya inje.

Kwa madini, angalau tulipigana tukapata kitu. Kodi ya madini ya 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha irudi kwa serikali ya mahali madini yanapotoka. Tunajua namna inavyolipwa kwa shida, lakini sheria iko, tunaweza kuishika mkononi na kudai. Kwa viumbe hai nako kuna sheria. Mapatano ya Nagoya ya 2010, ambayo Kongo imeyakubali, yanasema anayechukua kiumbe kwa kuchunguza jeni zake aombe ruhusa na agawane faida. Na kwa ADN iliyokwisha kuingia katika ordinateri, Mfuko wa Cali ulifunguliwa mwezi wa pili 2025. Makampuni yanayopata faida kwa habari hizo yanaombwa kuchangia, na angalau nusu ya pesa ielekee kwa wenyeji wa asili na jamaa za mahali. Kuomba siyo kulazimisha, tunajua. Lakini siku pesa itagawanywa, wataulizwa: nani ana daftari? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo tunadai mambo matano.

Kwanza, kila kikosi kinachochukua samaki upande wetu kiache nusu ya eshantiyo CRH Uvira, pamoja na nakala ya matokeo yote.

Pili, CRH ipewe umeme usiokatika, baridi ya kuhifadhi na masini za kusomea ADN na protini, na vijana wetu wafundishwe kuzitumia. Kijana wa Uvira asiwe mbeba ndoo peke yake.

Tatu, matokeo yasomwe mwaloni, kwa Kiswahili, mbele ya wavuvi na wamama wauza ndagala, kabla sheria haijatoka.

Nne, ziwa likifungwa, lifungwe na nchi zote nne siku moja. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iko pale Bujumbura, na mapatano yalitiwa sahihi tangu 2003. Na mvuvi anayefungiwa miezi mitatu apewe chakula cha miezi mitatu.

Tano, zebaki ipimwe kila mwaka, katika samaki na katika wachimbaji.

Mama mmoja wa Kalundu alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza: «Hiyo masini yenu itanirudishia ndagala?» Tulimjibu kwa haki: Hapana, mama. Masini hairudishi samaki. Lakini siku watakapokuja kukuambia wewe ndiye umeimaliza, utakuwa na karatasi ya kuwajibu. Akafunga beseni yake, akasema: «Basi muniletee hiyo karatasi, na isiandikwe Kifaransa.»

Tumeandika hapa kwa Kiswahili. Wenye kusoma kurasa zingine za gazeti hili wawafikishie wakubwa.