Ugonjwa hauchagui timu, lakini huiangusha isiyo na akiba

KUTOKA MJIMWEMA
Na Gaudensia Mwalongo

Tarehe 24 Januari 2022, katika uwanja wa Olembe jijini Yaoundé, beki wa kushoto aitwaye Chaker Alhadhur aliingia uwanjani akiwa amevaa jezi ya kipa. Namba yake, 3, ilikuwa imebandikwa kwa utepe. Comoro, ndugu zetu wa visiwani, walikuwa wanacheza na wenyeji Cameroon katika hatua ya 16 bora ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Kikosi chao hakikuwa na kipa hata mmoja wa kusimama golini.

Hawakufika hapo kwa uzembe. Siku sita kabla, mjini Garoua, walikuwa wameifunga Ghana mabao 3-2 na kuitoa mashindanoni, wakati wao wenyewe walikuwa wanashiriki fainali hizo kwa mara ya kwanza. Ushindi ule uliwagharimu. Kipa wao, Salim Ben Boina, aliumia katikati ya mechi na nafasi yake ikachukuliwa na Ali Ahamada. Kipa wa tatu, Moyadh Ousseini, naye akawa majeruhi. Kisha vipimo vya UVIKO-19 vikakuta maambukizi kwa watu 12 kambini, akiwemo kocha Amir Abdou, akiwemo pia Ahamada. Siku ya mechi majibu ya Ahamada yalionesha amepona, lakini kanuni ya kujitenga kwa siku kadhaa, iliyotolewa mashindano yakiwa yameshaanza, ikamzuia. Na kanuni nyingine ilikuwa wazi: timu yenye wachezaji 11 wazima lazima icheze, hata kama kati yao hakuna kipa.

Dakika ya saba nahodha Nadjim Abdou akaoneshwa kadi nyekundu. Wakabaki kumi, beki akiwa golini, mbele ya wenyeji na uwanja wao. Kila mtu alitegemea mvua ya mabao. Alhadhur akapangua mashuti, wenzake wakapigana, na dakika ya 81 Youssouf M'Changama akapiga mpira wa adhabu kutoka mbali, ukatinga wavuni. Cameroon ilishinda kwa 2-1 tu.

Afrika nzima iliwapigia makofi, nami nikiwemo. Alhadhur anastahili heshima yote aliyopewa. Ila makofi yanaweza kutusahaulisha swali kubwa kuliko ushujaa wake: kwa nini ugonjwa uleule na majeraha yaleyale huwa usumbufu kwa timu moja na maangamizi kwa nyingine?

Tazama mfano wa mbali na sisi. Desemba 2019 timu ya kriketi ya Uingereza ilikwenda Afrika Kusini kucheza mechi nne za Test, zile mechi za siku tano ambazo ndizo daraja la juu kabisa la mchezo huo. Kenya, Uganda na Tanzania hazijawahi kupata hadhi ya kuzicheza. Ziara ilianza kwa homa kali iliyozunguka kambini. Wachezaji wakawa wanatengwa vyumbani, mmoja akipona mwingine analala. Wakapoteza mechi ya kwanza kule Centurion. Kabla ya mechi ya pili, Rory Burns, mmoja wa wachezaji wanaofungua mchezo kwa kupiga, akaumia enka wakati wakicheza mpira wa miguu mazoezini. Kwenye mechi hiyo ya pili, James Anderson, mrushaji wao mkongwe kuliko wote, akavunjika mbavu.

Wangekuwa Comoro, ziara ingekwisha hapo. Kwao, simu ilipigwa nyumbani. Dom Bess, ambaye hakuwa hata kwenye kikosi cha awali, aliitwa kuziba pengo la wagonjwa. Kule Port Elizabeth akawatoa wapigaji watano wa Afrika Kusini katika zamu yao ya kwanza. Kijana Zak Crawley alichukua nafasi ya Burns. Ollie Pope, aliyeikosa mechi ya kwanza kwa ugonjwa, alifunga mikimbio 135 bila kutolewa katika mechi hiyohiyo ya Port Elizabeth. Uingereza walishinda mechi tatu mfululizo na kuondoka na ushindi wa 3-1.

Virusi havikuwahurumia Waingereza. Walichokuwa nacho ni watu. Nyuma ya kila mgonjwa palikuwa na mwingine aliyeandaliwa kwa miaka, mwenye daktari, mwenye mechi za kutosha miguuni, anayeweza kupanda ndege kesho. Ndiyo maana nasema ugonjwa hauchagui timu, lakini huiangusha ile isiyo na akiba. Na akiba haipatikani siku ya msiba. Hujengwa siku za uzima, wakati hakuna anayeona haja yake.

Sehemu ya kwanza ya akiba hiyo ni mtu wa afya mwenye mamlaka ya kusema hapana. Katika mashindano yaleyale ya Cameroon, Gabon iliwakosa Pierre-Emerick Aubameyang na Mario Lemina. Wote wawili walikuwa wametoka kuugua UVIKO-19, na vipimo vya moyo vikaonesha dalili zilizowatia wasiwasi madaktari. Hawakucheza hata mechi moja. Aubameyang alikuwa nahodha na jina kubwa kuliko yote katika kikosi kile, na bado neno la daktari lilizidi jina lake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa kila mahali mpira unapochezwa.

Kriketi imekwenda mbele zaidi katika kuandika jambo hili kwenye sheria. Tangu Agosti 2019, mchezaji aliyegongwa kichwani na kupata mtikisiko wa ubongo anaweza kubadilishwa na mwenzake atakayepiga na kurusha kama yeye, jambo ambalo halikuwepo kabla katika mechi za kimataifa. Mwezi huohuo, kwenye uwanja wa Lord's jijini London, Steve Smith wa Australia alipigwa na mpira shingoni, na Marnus Labuschagne akaingia badala yake, wa kwanza katika historia ya mechi za Test. Soka nayo ilianza majaribio ya mabadiliko ya ziada kwa aliyeumia kichwa mwaka 2021, na sasa sheria za mchezo zinaruhusu mashindano kuyatumia. Hadi leo, katika viwanja vyetu vya mikoani, kijana akigongana kichwa na mwenzake humwagiwa maji usoni, huulizwa kama anaona vizuri, kisha hurudishwa kucheza huku mashabiki wakimshangilia kwa ukakamavu.

Hatupaswi kusubiri mfano wa nje kujua mwisho wa mazoea hayo. Desemba 2016, katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, kijana wa Mbao FC, Ismail Mrisho Khalfan, mwenye umri wa miaka 19, alianguka uwanjani baada ya kugongana na mchezaji wa Mwadui katika ligi ya vijana. Alikuwa ameshaifungia timu yake bao. Alifariki dunia siku hiyohiyo. Nchi iliomboleza, viongozi walitoa pole, na ligi ikaendelea. Kila timu inayosafirisha vijana inapaswa kulikumbuka jina lake wakati wa kupanga bajeti.

Sasa turudi huku kwetu. Ipo Mjimwema ya Njombe na ipo Mjimwema ya Makambako, na katika zote mbili mpira ndio Jumapili ya vijana. Mkoa huu umeonja ligi kuu: msimu wa 2017/18 Njombe Mji walicheza Ligi Kuu Tanzania Bara na kuzikaribisha timu kubwa za nchi kwenye uwanja wa Sabasaba. Walishuka msimu huohuo, na tangu hapo kiu ya kurudi haijaisha. Wapo wanaosema tunahitaji mfadhili, wapo wanaosema tunahitaji mshambuliaji. Mimi naona tunahitaji kwanza kuacha kuwachosha na kuwavunja vijana wachache tulionao.

Angalia namna timu ya mtaa au ya kata inavyosafiri. Gari limekodiwa, mara nyingi dogo kuliko idadi ya watu. Kuna mfuko wa jezi, kuna mipira, kuna katoni ya maji. Sanduku la huduma ya kwanza halipo, au lipo na ndani yake kuna mkasi na bandeji iliyotumika. Kipa ni mmoja, na wa pili ni yeyote mrefu. Timu za shule zinazokwenda UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, na UMISSETA, ya sekondari, hulala pamoja kwa siku nyingi katika mabweni, zikila jiko moja na kunywa maji ya chanzo kimoja. Tumbo likimshika mmoja leo, kesho litawashika watano. Michezo hiyo huangukia katikati ya mwaka, na anayeijua Njombe anajua baridi ya Juni na Julai ilivyo. Mtoto anayetoka joto kuja huku, au anayeshuka kutoka huku kwenda joto, mwili wake unahitaji uangalizi kabla haujaulizwa mabao.

Kwa mchezaji wa mtaani, jeraha halimalizikii uwanjani. Huyu ni dereva wa bodaboda, mpakiaji wa viazi, mchana mbao, mchumaji wa chai au parachichi. Akivunjika mguu Jumapili, Jumatatu nyumba yake haina kipato. Timu iliyomwita kwa simu tatu ili aje acheze mara nyingi haina hata nauli ya kumpeleka hospitali. Michango hupitishwa kwenye kundi la simu, hufika nusu, kisha kimya. Miezi mingi baadaye unamwona anachechemea kando ya uwanja, akitazama wenzake. Hili linaniuma kuliko kipigo chochote tulichowahi kupata, kwa sababu ni dhuluma tunayoifanya wenyewe kwa vijana wanaotupenda.

Nitaambiwa fedha hakuna. Najua hali ya klabu zetu, na sidai kila timu ya kata iajiri daktari. Nadai mambo ambayo tunaweza kuyafanya tukiamua. Kila timu inaweza kuchagua mtu mmoja, mwanamke au mwanaume, akafundishwa huduma ya kwanza: namna ya kumweka aliyezimia ili apumue, namna ya kutomnyanyua ovyo aliyeumia shingo, namna ya kufunga mguu uliovunjika kabla ya safari. Mkoa una hospitali na wahudumu wanaoweza kufundisha hayo mwishoni mwa juma. Mashindano yoyote yenye kombe na zawadi, yawe ya diwani, ya mbunge au ya mfanyabiashara, yasipewe kibali bila machela, gari la kusubiri na zahanati iliyopewa taarifa mapema. Anayeweza kununua ng'ombe wa mshindi anaweza kulipia mafuta ya gari la mgonjwa. Nchi yetu ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Viongozi wa timu wawahimize wachezaji kukata bima kwa bidii ileile wanayotumia kudai ada za usajili.

Fedha pia haizuii kumwandaa kipa wa pili. Mpe mazoezi ya kweli, mpe mechi, mpe heshima. Fanya hivyo kwa kila nafasi. Mchezaji anayekaa benchi mwaka mzima bila kufundishwa ni nafasi tupu iliyovalishwa jezi, na siku ya homa ndipo kocha atakapougundua upungufu huo.

Kuna jambo moja tena, nalo liko mikononi mwetu mashabiki. Vijana huficha maumivu. Wanafunga goti kwa kitambaa, wanameza dawa za maumivu, wanacheza wakiwa na homa, kwa sababu wanaogopa kuitwa waoga na kuogopa kupoteza namba. Sisi ndio tunaowaita hivyo tukiwa kando ya uwanja. Mchezaji aliyesema "Mwalimu, leo siko sawa" amefanya kazi ya nahodha: amewalinda wenzake wasiambukizwe na ameilinda timu isibaki kumi dakika ya ishirini. Kocha anayemwadhibu kwa kusema kweli anawafundisha wote waliobaki kudanganya.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa pamoja. Tutajenga viwanja na barabara, na hilo ni jema. Ninawaomba viongozi wa soka wa nchi hizi tatu waingie na jambo jingine mezani mapema: kanuni za wagonjwa na majeruhi ziandikwe na kutangazwa kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, zisibadilishwe katikati, na zisiiache timu ndogo icheze bila kipa wakati anayedaka yuko hotelini majibu yake yakiwa safi. Comoro walifanyiwa hivyo ugenini. Isije ikatokea kwa mgeni yeyote akiwa kwetu.

Na kwa Halmashauri za Mji wa Njombe na Makambako, ombi langu ni dogo zaidi na halihitaji kusubiri 2027. Kabla ya timu za shule kuondoka mwaka huu, kila gari liwe na mhudumu wa afya mmoja na sanduku la huduma ya kwanza lililojaa. Afisa michezo asisaini safari bila hayo mawili. Wazazi, msimruhusu mtoto apande gari mpaka muyaone kwa macho yenu.