Alama juu ya vinasaba vya mtoto: mama wa machimboni ajue nini?

Mama, na wewe mlezi, siku hizi neno "DNA" linatajwa hadi sokoni. Wengi wanalijua kwa kipimo cha kumtafuta baba wa mtoto. Lakini wanasayansi sasa wanasoma kitu kingine: alama ndogo zinazokaa juu ya vinasaba.

Fikiria kitabu cha mapishi. Maneno ni yaleyale, ila mtu ameweka vibanio kwenye baadhi ya kurasa ili zisifunguke. Kibanio kimojawapo huitwa methili. Hakibadilishi kinasaba, bali mara nyingi hukinyamazisha. Elimu hii inaitwa epijenetiki.

Wanazisomaje?
DNA iliyotolewa kwenye damu hutiwa kemikali inayobadilisha herufi yake moja pale pasipo na methili. Penye methili, herufi hubaki ilivyo. Mashine ikisoma, tofauti inaonekana. Zipo pia mashine mpya zinazosoma alama hizo moja kwa moja.

Imeonekana wapi?
Jirani zetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2012. Watafiti walipima akina mama 25 na watoto wao wachanga. Mama aliyepitia mateso makubwa ya vita akiwa mjamzito, mtoto wake alielekea kuwa na methili zaidi kwenye kinasaba kinachosaidia mwili kukabili msongo, na uzito mdogo wa kuzaliwa. Bangladesh, ambako visima vingi vina aseniki, alama katika damu ya kitovu zimeonekana kutofautiana kulingana na kiasi cha aseniki alichokipata mama.

Na kwetu?
Utafiti wa akina mama wajawazito kwenye machimbo madogo ya dhahabu kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2020, ulihusisha zebaki na aseniki na matatizo ya uzazi, ikiwemo mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Haukupima methili. Kwa hiyo mtu akikuambia kipimo cha DNA kitakuonyesha kama zebaki imemharibu mwanao, usimpe hela yako. Utafiti wa watu 25 unafungua njia tu, hautoi majibu ya mtoto mmoja mmoja.

Pia usikubali kulaumiwa. Mama wa Goma hakuanzisha vita, na wewe hukuleta aseniki kwenye mwamba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Kuutekeleza machimboni si kazi ya mjamzito peke yake.

Usisubiri mashine. Fanya haya leo:
- Zebaki isichomwe ndani wala jikoni. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Mjamzito na watoto wakae mbali kabisa.
- Sufuria au kikaango kilichochomewa dhahabu kisirudi kupikia.
- Anayetoka machimboni abadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake.
- Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi aseniki. Usichote maji karibu na marudio au mahali dhahabu inapooshwa.
- Anza kliniki mapema, na umeze vidonge vya madini chuma na foliki asidi kila siku. Foliki asidi ni mojawapo ya virutubisho ambavyo mwili hutumia kutengenezea hizo methili.

Ukienda kliniki, mwambie muuguzi kama nyumbani kwenu mnachoma dhahabu. Hata kama hajauliza.