Filamu za kuchekesha: zipi zitabaki, zipi zitasahauliwa?

Kila mara wakubwa wa sinema wanapotoa orodha ya filamu za kuchekesha zinazopendwa kuliko zote, sisi wa mashariki ya Kongo tunasoma majina tusiyoyajua. Mwaka 2017 BBC iliuliza wataalamu 253 kutoka nchi 52. Ya kwanza ikatoka Some Like It Hot, filamu ya Marekani ya 1959 yenye Marilyn Monroe ndani: wanamuziki wawili wanaume wanakimbia majambazi, wanajivalisha nguo za kike ili wasijulikane. Katika kumi za kwanza, hakuna hata moja ya Afrika. Sasa nendeni Kadutu ao Birere, muulize nani ameiona. Kiisha mutaje Mr. Bean ao Osuofia: mutoto wa miaka kumi ataanza kucheka mbele mumalize kuuliza.

Basi, mutu anaweza kujua mapema filamu gani itadumu?

Wengi wanaangalia pesa. Lakini pesa za mwaka wa kwanza zinadanganya. The General ya Buster Keaton, ya 1926, haikuleta faida na wahakiki wengi wa wakati ule waliisema vibaya. Mwaka 1989, Maktaba ya Bunge la Marekani ilipochagua filamu 25 za kwanza za kulindwa kama mali ya taifa, hiyo ilikuwa ndani. Mufaransa Jacques Tati alifilisika juu ya Playtime, ya 1967. Leo wale wataalamu wa BBC wameiweka ya nane duniani.

Na kinyume chake pia kipo. Bienvenue chez les Ch'tis, ya 2008, iliuza tiketi zaidi ya milioni 20 Ufaransa. Ni nyingi sana. Lakini kicheko chake kikubwa kiko katika namna watu wa kaskazini ya Ufaransa wanavyotamka maneno. Mutu aliyejifunza Kifaransa chake shuleni Uvira ao Kindu hasikii tofauti hiyo; anaona tu Wazungu wanacheka wenyewe. Waitaliano walilielewa jambo hilo: mwaka 2010 walichukua kisa kilekile, wakakitengeneza upya na watu wa kusini mwa nchi yao, na kikapendwa sana.

Njo maana mimi naweka alama kwa wale wasiotegemea maneno. Charlie Chaplin amekufa tangu 1977 na bado anachekesha. Vipindi vya Mr. Bean vilitengenezwa kati ya 1990 na 1995, mutu karibu hasemi kitu, na hapa kwetu papa, mama na watoto wanavitazama pamoja bila mutu kutafsiri. Hivyo vitabaki, sina wasiwasi.

The Gods Must Be Crazy, ile ya chupa ya Coca-Cola inayoanguka toka ndege, ni shida kidogo. Wazee wetu waliicheka sana. Lakini ilitengenezwa na Waafrika Kusini weupe mwaka 1980, wakati wa ubaguzi wa rangi, na inawaonyesha Wasan kama watu wasiojua kabisa kwamba dunia ingine iko. Mutoto atacheka gari lisilo na breki. Akikua, atauliza ni nani aliyekuwa anachekwa pale. Naona itashuka.

Osuofia in London, ya 2003, itabaki upande wetu wa dunia hata kama wataalamu hawaitaji. Mwanakijiji wa Nigeria anaambiwa ndugu yake amekufa Uingereza na ameacha mali. Anapanda ndege kuifuata. Kiingereza chake wengi wetu hatukishiki, lakini kila familia hapa iko na mujomba wa namna ile.

Sasa tuje kwetu, na hapa njo kunaniuma. Ngangura Mweze alizaliwa Bukavu mwaka 1950. Mwaka 1987, yeye na Mubeljiki Benoît Lamy walitoa La Vie est belle, na Papa Wemba njo muchezaji mukubwa: mwanamuziki wa kijijini anafika Kinshasa, anakuwa boyi wa tajiri mumoja, kumbe boss na boyi wanamupenda musichana mumoja. Na boss yule ana aibu yake ya chumbani, hata muganga ameingizwa katika shauri. Jambo hilo halihitaji kufasiriwa kwa mutu yeyote, Ulaya ao Walikale. Kama ni filamu ya Kongo inayostahili kukaa kwenye orodha za dunia, kwangu ni hiyo. Lakini sokoni ni rahisi kupata Osuofia kuliko kuipata yenyewe. Vijana wanajua nyimbo za Papa Wemba; wengi hawajui kwamba alicheza filamu.

King Majuto wa Tanzania, aliyefariki Agosti 2018, ana bahati moja: filamu zake ziko katika Kiswahili na zilizagaa kwenye sidii kila mahali. Kopi nyingi ziko mikononi mwa watu. Zitaishi.

Wachekeshaji wetu wa Goma, Bukavu, Butembo, hawana bahati hiyo. Wanacheza dakika tatu mbele ya simu, video inapita WhatsApp, watu wanacheka wiki moja, kiisha wanaifuta juu mega na nafasi vimekwisha. Halafu vita inakuja, mutu anakimbia, simu inanyanganywa njiani, kazi ya miaka inapotea siku moja. Nakadiri kwamba katika zile zinazotengenezwa leo, hazitabaki zile zinazochekesha zaidi. Zitabaki zile ambazo mutu aliweka kwenye flashi mbili ao tatu, moja kwa ndugu aliye muji mwingine, na majina ya wachezaji na mwaka vimeandikwa.

Kuhusu La Vie est belle nasita kutabiri. Mwaka 2027 itatimiza miaka 40. Kama ukumbi mumoja wa Bukavu utaionyesha mwaka huo, hata kwa jenereta, na mutu wa kufasiri Kifaransa katika Kiswahili akiwa na maikro mbele, nitaiweka juu ya Mr. Bean.