Feni za Kiwanda, Usingizi na Bonasi

Usituulize kama tumelala. Mvua zimeshika, majani chai yamekuwa mengi, na kiwandani vitanda vyote vya kunyaushia vimejaa. Maana yake feni zote zimewashwa tangu jioni, na hazizimwi mpaka majani yalegee, kazi ya saa 12 hadi 18. Mchana bodaboda na malori ya majani huzifunika. Usiku zinahamia chumbani. Na huku milimani baridi inazidisha balaa: hewa ya chini ikipoa kuliko ya juu, sauti haipai ikapotea, inapindwa na kurudi bondeni tuliko.

Tukilalamika tunajibiwa kwamba kiwanda ni chetu wenyewe. Kweli, ni chetu. Sisi wakulima wadogo ndio wenye hisa, majani ni yetu, na bili ya umeme inakatwa kabla bonasi haijatufikia. Basi tuseme kama wenye mali.

Hakuna ulazima wa feni kuzunguka kwa kasi ileile usiku kucha. Majani yaliyoingia na maji ya mvua yanataka upepo mwingi. Yakishaanza kunyauka, mdogo unatosha. Ukipunguza mwendo kwa moja ya tano, upepo nao unapungua kwa moja ya tano, lakini umeme unashuka karibu nusu, na kelele inapungua kwa takriban desibeli 5. Kifaa cha kupunguza mwendo wa mota kinauzwa, na mafundi umeme wa viwandani wanakijua. Kumbe ile ngurumo ya saa kumi alfajiri ni shilingi zetu zinapeperushwa, nasi tumekesha kuzisikiliza!

Halafu kuna kelele isiyo ya upepo hata kidogo. Feni ya tatu kutoka getini inasaga chuma kwa chuma; kila anayepita pale anajua beringi imekufa, isipokuwa fundi mkuu. Jirani yake imefungwa kwenye fremu ya mabati bila raba, kwa hiyo ukuta mzima unatetemeka nayo. Grisi, beringi, raba, mapanga ya feni yanyooshwe: hayo nayo yanasubiri bajeti?

Walichofanya wakubwa wa kiwanda ni kutupandia safu moja ya miti. Miti hiyo inaficha kiwanda machoni, masikioni haifichi kitu. Kinachozuia sauti ni ukuta mzito usio na matundu, ulio karibu na feni na kuipita kwa kimo, au boksi la kupitishia hewa lililotandikwa ndani kitu cha kunyonya sauti.

Sheria ipo. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinataka usiku penye makazi isizidi desibeli 35. Mkaguzi alikuja, tena saa nne asubuhi, nusu ya feni zimezimwa. Akanywa chai, akaandika kwamba hali ni shwari. Chai yenyewe ilikuwa nzuri, hatukatai.

Sasa mkutano mkuu wa wenye hisa unakaribia. Mwaka jana tulipewa soda na kofia. Safari hii tunataka karatasi moja tu: gharama ya umeme wa feni za kunyaushia, mwezi kwa mwezi. Na mkutano ufanyike usiku, palepale uani kando ya feni, mwenyekiti ahutubu bila kipaza sauti.